Benjamin Mays: Mwana wa Watumwa Aliyeongoza Chuo cha Morehouse kwa Miaka 27

Na Mwandishi Wetu

Tarehe 28 Machi, 1984, katika jiji la Atlanta, Jimbo la Georgia nchini Marekani, alifariki dunia mchungaji na mwalimu mwenye umri wa miaka 89. Jina lake, Benjamin Elijah Mays, halitajwi mara nyingi hapa kwetu. Jina la mwanafunzi wake mmoja, Dkt. Martin Luther King Jr., linafahamika hata kwa watoto wa shule za msingi, na wengi wetu humzungumzia King kana kwamba alijitokeza ghafla, bila kupita mikononi mwa mlezi yeyote. Alipita, na mikono hiyo ilikuwa ya Mays.

Kwa miaka 27, kuanzia 1940 hadi 1967, Dkt. Mays alikuwa Rais wa Chuo cha Morehouse, chuo cha wanaume kilichoanzishwa kanisani kwa ajili ya Wamarekani Weusi waliokuwa wametoka utumwani. Alikipokea kikiwa dhaifu, na baadaye akaambiwa kwamba ingekuwa busara kukifunga. Makala haya yanafuatilia maisha yake, nayo yatakaa zaidi katika ofisi ya rais wa chuo kuliko katika majukwaa ya hotuba, kwa sababu kazi ya kudai ada, kutafuta wahadhiri na kuwashawishi wafadhili ni nadra kusimuliwa, ilhali ndiyo iliyoamua kama chuo kitakuwapo au la.

Mays alizaliwa tarehe 1 Agosti, 1894, mashambani karibu na mji mdogo wa Ninety Six, Jimbo la South Carolina, akiwa kitindamimba katika familia ya watoto wanane. Baba yake, Hezekiah, na mama yake, Louvenia, wote wawili walizaliwa utumwani, kabla ya utumwa kukomeshwa nchini humo mwaka 1865. Familia iliishi kwa kilimo cha pamba katika ardhi ya kukodi, na kila mwaka sehemu kubwa ya mavuno ilikwenda kulipia kodi na madeni ya msimu uliotangulia. Baba alijua kusoma, mama hakujua. Hata hivyo, ni mama huyo asiyejua kusoma aliyemuunga mkono mwanawe katika kiu yake ya elimu, wakati baba aliona kuwa kazi za halali kwa mtu Mweusi zilikuwa mbili tu, kulima na kuhubiri, na kwamba hakuna kati ya hizo iliyohitaji shule ndefu.

Kumbukumbu ya kwanza ya Mays haikuwa ya mchezo wala ya sikukuu. Novemba 1898, akiwa na umri wa miaka minne, yalitokea mauaji katika eneo la Phoenix, si mbali na kwao, baada ya Weusi kujaribu kutumia haki yao ya kupiga kura. Kundi la Wazungu waliopanda farasi na kushika bunduki lilimkuta baba yake njiani, likamlazimisha kuvua kofia na kuinama mbele yao mara kadhaa huku mtoto akitazama. Kisha wakaondoka. Mays alilibeba tukio hilo moyoni hadi uzeeni, na alipoandika kitabu cha maisha yake mwaka 1971 alikianza kwa habari hiyo. Kitabu hicho alikiita Born to Rebel, yaani aliyezaliwa kuasi.

Shule ya watoto Weusi katika eneo lao ilifunguliwa kwa miezi minne tu kwa mwaka, kuanzia Novemba hadi Februari, kwa kuwa miezi mingine yote watoto walitakiwa mashambani. Dada yake mkubwa alikwisha kumfundisha kuhesabu na kusoma kidogo kabla hajaanza shule, hivyo aliwatangulia wenzake tangu siku ya kwanza. Mahali pengine palipomtia moyo palikuwa kanisani. Akiwa na umri wa miaka tisa alisimama mbele ya waumini wa Kanisa la Kibaptisti la Mount Zion akakariri kwa moyo sehemu ya Maandiko, na kanisa zima likampigia makofi. Wazee wakaanza kusema kwamba mtoto huyu atafika mbali. Katika jamii ambayo serikali ya jimbo ilimtambua Mweusi kama mkono wa kuchuma pamba na si zaidi, kanisa lilikuwa karibu mahali pekee ambapo mtoto maskini angeweza kusimama na kusikilizwa. Mays hakulisahau deni hilo, ingawa baadaye alikuja kuwa mkosoaji mkali wa makanisa hayo hayo.

Alipofikisha umri wa miaka 19 alikuwa bado hajawahi kusoma zaidi ya Februari katika mwaka wowote. Wakati huo alikuwa Orangeburg, katika sehemu ya sekondari ya Chuo cha Serikali cha South Carolina, na baba yake alimtaka arudi shambani kama kawaida. Mays alikataa. Ulikuwa uasi wake wa kwanza, nao ulikuwa dhidi ya mzazi aliyempenda. Ili kujilipia masomo alifanya kazi ya kusafisha vyoo vya chuo usiku wa manane, wakati wenzake wamelala. Mwaka 1916 alihitimu akiwa wa kwanza darasani. Alikuwa na umri wa miaka 21, rika ambalo vijana wa tabaka la wenye nacho walikuwa wakikamilisha shahada.

Baada ya mwaka mmoja katika Chuo Kikuu cha Virginia Union aliamua kwenda Kaskazini. Sababu yake inastahili kuelezwa. Tangu utotoni alikuwa ameambiwa na kila kitu kilichomzunguka kwamba Mweusi ana akili pungufu kuliko Mzungu, na ingawa hakuamini, hakuwa na njia ya kuthibitisha, kwa sababu hakuwahi kukaa darasa moja na Mzungu. Mwaka 1917 alijiunga na Chuo cha Bates katika Jimbo la Maine, chuo kilichoanzishwa na Wabaptisti waliopinga utumwa. Huko alishinda mashindano ya kutoa hotuba, akaongoza timu ya mdahalo, na mwaka 1920 akahitimu kwa heshima. Swali lake likawa limejibiwa. Lakini alipoomba nafasi katika seminari ya teolojia huko huko Kaskazini, alielezwa kuwa seminari hiyo haipokei watu wa rangi yake. Akaenda Chuo Kikuu cha Chicago, alikopata shahada ya uzamili mwaka 1925 na ya uzamivu mwaka 1935, masomo yaliyokatizwa mara kwa mara na haja ya kutafuta mkate. Katika miaka hiyo alipata kuwa mhudumu wa mabehewa ya kulala katika treni, mchungaji, mhadhiri wa hisabati na baadaye wa Kiingereza, na mtumishi wa mashirika ya ustawi wa jamii.

Alifika Morehouse kwa mara ya kwanza mwaka 1921, baada ya Rais wa chuo hicho wa wakati huo, Dkt. John Hope, kumfuata Chicago na kumwomba akafundishe hisabati. Alikaa miaka mitatu huku akiwa pia mchungaji wa Kanisa la Shiloh jijini Atlanta. Miaka hiyo ilimpa uzoefu, na pia msiba. Mke wake wa kwanza, Ellen Harvin, alifariki mwaka 1923, ndoa yao ikiwa bado changa. Mwaka 1926 alimuoa Sadie Gray, mwalimu na msomi mwenzake, ambaye aliishi naye hadi kifo kilipowatenganisha mwaka 1969.

Kazi iliyomjulisha kwa wasomi ilikuwa utafiti alioufanya pamoja na Joseph Nicholson kuhusu makanisa ya Weusi, ambao ulichapishwa kama kitabu mwaka 1933. Watafiti hao hawakukaa maktaba. Walizunguka mijini na vijijini wakihesabu waumini, wakikagua madeni ya majengo na kusikiliza mahubiri. Matokeo hayakuwafurahisha wachungaji wengi. Makanisa yalikuwa mengi kupita uwezo wa waumini kuyahudumia, wahubiri wengi hawakuwa na mafunzo, na mahubiri yalizungumzia zaidi mbinguni kuliko maisha ya watu hapa duniani. Pamoja na hayo, kitabu kilisisitiza kwamba kanisa ndiyo taasisi ambayo Mweusi aliimiliki mwenyewe, na kwa hiyo ndiyo iliyokuwa na uhuru wa kusema. Dawa aliyoiona Mays ilikuwa elimu ya wachungaji.

Alipata nafasi ya kuitumia dawa hiyo mwaka 1934, alipoteuliwa kuwa mkuu wa Skuli ya Dini katika Chuo Kikuu cha Howard, jijini Washington. Kwa miaka sita aliongeza wanafunzi, akaimarisha maktaba, na kuiwezesha skuli hiyo kupata ithibati ya chombo kilichosimamia vyuo vya teolojia nchini humo.

Akiwa Howard alifanya safari iliyobadilisha fikra zake. Mwishoni mwa mwaka 1936 alikwenda India kuhudhuria mkutano wa dunia wa vijana Wakristo wa YMCA uliofanyika Mysore, na kabla ya mkutano alimtembelea Mahatma Gandhi huko Wardha. Walizungumza kwa muda wa saa moja na nusu. Mays alitaka kujua jinsi mapambano yasiyo ya mabavu yanavyoendeshwa kwa vitendo, na pia kwa nini Gandhi hakuupiga vita mfumo wote wa matabaka ya kuzaliwa. Katika safari hiyo hiyo alialikwa katika shule ya watoto wa tabaka la chini kabisa, wale walioitwa wasioguswa. Mwalimu mkuu alimtambulisha kwa wanafunzi kuwa naye ni mmoja wa wasioguswa wa Marekani aliyefanikiwa. Mays alishtuka na kukasirika. Baadaye, alipotafakari, alikubali kwamba mwalimu yule hakukosea: nyumbani kwake kulikuwa na hoteli, mikahawa na mabehewa ambayo yeye, pamoja na shahada zake zote, hakuruhusiwa kuyagusa.

Chuo alichokabidhiwa mwaka 1940 kilikuwa na historia ndefu. Kilianza mwaka 1867 katika Kanisa la Kibaptisti la Springfield, mjini Augusta, miaka miwili tu baada ya utumwa kukomeshwa, kwa lengo la kuwafundisha watu walioachwa huru kuwa wahubiri na walimu. Mwaka 1879 kilihamia Atlanta, na mwaka 1913 kikapewa jina la Henry Lyman Morehouse, kiongozi wa shirika la misheni la Wabaptisti wa Kaskazini lililokitunza kwa miaka mingi. Msomaji aelewe kwamba kuwa chuo cha kanisa hakukuwa na maana ya utajiri. Kulikuwa na maana ya ibada za lazima, bodi ya wadhamini iliyojaa wachungaji na wafanyabiashara wa mbali, na bajeti iliyotegemea huruma ya wafadhili. Tangu mwaka 1929 Morehouse ilikuwa imeungana kwa makubaliano na vyuo vingine vya Weusi jijini humo, na katika muungano huo ilionekana kama mtoto wa kambo. Ilikuwa imepoteza baadhi ya wahadhiri, na wanafunzi wengi walikuwa hawalipi.

Mays aliingia ofisini tarehe 1 Agosti, siku aliyotimiza miaka 46, na jambo la kwanza aliloshughulikia lilikuwa ada. Alitangaza kuwa wadaiwa watalipa au hawataendelea. Kwa vijana waliozoea kusoma kwa ahadi, tamko hilo lilikuwa mshtuko, na haikuchukua muda wakampa jina la utani la Buck Benny, kutokana na filamu ya vichekesho ya mwaka huo kuhusu mpanda farasi wa nyikani. Walimwona kama mtu anayewakimbiza juu ya farasi akidai fedha. Ukali huo unaweza kuonekana wa ajabu kwa mtu aliyesafisha vyoo usiku ili asome. Ila huenda ndiyo sababu yenyewe. Mays aliamini kwamba chuo cha maskini kinachoendeshwa kwa kuoneana huruma hakiwezi kumlipa mhadhiri bora, na bila mhadhiri bora maskini huyo atahitimu akiwa na cheti kisicho na thamani. Wakati huo huo alizunguka nchi nzima kutafuta misaada ya masomo kwa wale ambao kweli hawakuwa na uwezo. Mwaka 1944 alikuwa miongoni mwa marais wa vyuo 27 vya Weusi walioanzisha mfuko wa pamoja wa kuchangisha fedha, badala ya kila mmoja kupiga hodi peke yake kwenye milango ile ile.

Wakati huo Vita Kuu ya Pili ya Dunia ilikuwa imefika mlangoni kwake. Chuo cha wanaume watupu hakina kinga pale jeshi linapowahitaji wanaume. Madarasa yalianza kuwa matupu, na mwenyekiti wa bodi ya wadhamini akapendekeza chuo kifungwe hadi vita vitakapomalizika. Pendekezo halikuwa la ubaya; kwa hesabu za fedha lilikuwa na mantiki. Mays alilikataa. Aliona kwamba chuo dhaifu kikishafungwa, hata kwa nia njema, hakuna uhakika wa kufunguliwa tena.

Njia aliyoichagua ilikuwa kuwapokea vijana ambao hawajafikia umri wa kuandikishwa jeshini, hata kabla hawajamaliza mwaka wa mwisho wa sekondari, mradi wafaulu mtihani wa kujiunga. Ulikuwa mpango wenye hatari. Chuo kilichokuwa kikipigania hadhi yake kilijaza viti vyake kwa watoto wa miaka 15. Mmoja wa watoto hao, aliyeingia Septemba 1944, alikuwa mwana wa mchungaji wa Kanisa la Ebenezer jijini humo, Martin Luther King. Hakuna anayeweza kusema historia ingekwendaje kama wadhamini wangefunga malango, lakini ni hakika kwamba kijana huyo asingeingia Morehouse mwaka huo.

King hakuwa mwanafunzi wa kuvutia macho kwa alama zake. Kilichotokea kati yake na rais wa chuo kilitokea zaidi katika kanisa dogo la chuo, ambako kila Jumanne asubuhi Mays alizungumza na wanafunzi wote. Wengi walisinzia, kama ilivyo kawaida ya vijana katika ibada za lazima. King aliandika anayoyasikia, na baada ya ibada alimfuata mzungumzaji kuendeleza hoja, wakati mwingine kumpinga. Alikuwa amelelewa kanisani lakini alikuwa na mashaka na uchungaji, akiona aibu kwa mahubiri ya kelele na jazba. Kwa Mays, na kwa mhadhiri wa dini George Kelsey, aliona kwa mara ya kwanza kwamba mchungaji anaweza kuwa mtu wa vitabu na wa hoja, tena anayezungumzia mishahara, kura na mahakama. Kabla ya kuhitimu mwaka 1948 alikuwa ameamua kuwa mchungaji.

Katika mazungumzo ya Jumanne Mays alirudia mambo machache bila kuchoka. Aliwataka wanafunzi wasikubali mipaka ya nje iingie vichwani mwao. Aliwaonya kwamba hakutakuwa na anayewapunguzia kiwango cha kazi kwa sababu ya historia yao, hivyo wafanye kazi yoyote kwa ubora usiohitaji kuombewa radhi. Na aliwashauri wasiende kwa hiari yao katika majumba ya sinema ambako Weusi walikalishwa roshani ya juu kwa kupitia mlango wa pembeni. Mahali ambapo mtu analazimika, kama vile katika treni ya kumpeleka kazini, alielewa. Kununua tiketi ya kujidhalilisha kwa starehe hakukubali. Ushauri huo ulikuwa mgumu kwa vijana wa mjini. Mwenyewe aliufuata.

Hapa ndipo ulipo ugumu wa nafasi yake. Rais wa chuo cha Weusi katika Georgia ya miaka ile alitegemea fedha za wafadhili Wazungu na uvumilivu wa wanasiasa wa jimbo, na wengi katika nafasi hiyo walijifunza kunyamaza. Mays aliandika safu ya kila wiki katika gazeti la Pittsburgh Courier kuanzia mwaka 1946, akipinga ubaguzi bila kuficha. Alifika Amsterdam mwaka 1948 Baraza la Makanisa Ulimwenguni lilipoundwa, akachaguliwa katika kamati yake kuu, na mwaka 1954, baraza lilipokutana Evanston nchini Marekani, aliwaeleza wajumbe kwamba kanisa linalobagua kwa rangi linakwenda kinyume na historia yake lenyewe. Gharama ilikuwapo. Rais John F. Kennedy alipofikiria kumteua katika tume ya haki za kiraia mwaka 1961, maseneta wa Georgia walipinga, na uteuzi haukufanyika.

Mtihani wake mkubwa zaidi ulikuja sebuleni, Februari 1956. King alikuwa akiongoza mgomo wa mabasi mjini Montgomery, nyumba yake ilikuwa imeshalipuliwa kwa bomu, na sasa yeye na wenzake walikuwa wameshtakiwa. Akiwa Atlanta, baba yake aliwaita nyumbani wazee wanaoheshimika wamshawishi asirudi Alabama, na Mays alikuwa mmoja wao. Wengi waliunga mkono hofu ya baba, na nani angewalaumu? Kijana alisema hawezi kuwaacha watu wake. Kimya kikatanda. Ndipo Mays akafungua kinywa kumtetea, akisema kwamba kijana yuko sahihi na lazima arudi, na wengine wakafuata. Mwalimu aliyetumia miaka akiwafundisha vijana wasikubali udhalili hakuwa na njia nyingine, ingawa alijua vizuri kilichoweza kumpata King barabarani.

Wanafunzi wa vyuo vya Atlanta walipoanza kukaa kwa nguvu katika mikahawa ya Wazungu tu mwaka 1960, wakiongozwa na vijana wa Morehouse kama Lonnie King na Julian Bond, Mays aliwaunga mkono, japokuwa ilimaanisha mabomba ya simu kutoka kwa watu waliotaka awafukuze. Tarehe 28 Agosti, 1963, katika maandamano makubwa ya Washington ambayo King alitoa hotuba yake maarufu, aliyesimama mwisho kuwabariki waandamanaji na kuwaruhusu kurudi makwao alikuwa Mays.

Mwalimu na mwanafunzi walikuwa wameafikiana kwamba atakayetangulia kufa, mwenzake atahubiri katika maziko yake. Kwa kawaida ya umri, mzigo huo ungekuwa wa King. Tarehe 9 Aprili, 1968, siku tano baada ya King kuuawa mjini Memphis, jeneza lake lilivutwa na nyumbu kutoka Kanisa la Ebenezer hadi viwanja vya Morehouse, likifuatwa na makumi ya maelfu ya watu. Mays, mwenye umri wa miaka 73, alisimama mbele ya umati huo na kumzika kwa maneno mtu aliyemwona kama mwanawe.

Wakati huo alikuwa ameshastaafu kwa mwaka mmoja. Chuo alichokabidhi mwaka 1967 kilikuwa na majengo mapya, hazina iliyokua mara kadhaa, na wahadhiri ambao zaidi ya nusu yao walikuwa na shahada ya uzamivu. Mwaka 1968 kilipata tawi la Phi Beta Kappa, jumuiya ya wasomi bora ambayo haifungui tawi katika chuo cha kiwango cha wastani. Miongoni mwa wahitimu wa enzi yake alikuwamo Maynard Jackson, aliyekuja kuwa Meya wa kwanza Mweusi wa Atlanta, na David Satcher, aliyeshika wadhifa wa daktari mkuu wa serikali ya Marekani.

Alipaswa kupumzika. Badala yake, mwaka 1969 aligombea na kuchaguliwa katika Bodi ya Elimu ya Atlanta, na mwaka uliofuata akawa Mweusi wa kwanza kuiongoza, kazi aliyoifanya hadi 1981. Huko ndiko alikofanya uamuzi ambao bado unabishaniwa. Kesi ya kuunganisha shule za Weusi na Wazungu ilikuwa mahakamani tangu mwaka 1958, na kadiri ilivyochelewa familia za Kizungu zilihamia vitongojini, hadi idadi kubwa ya wanafunzi wa jiji ikabaki Weusi. Mwaka 1973 pande husika zilifikia maafikiano: Weusi wangepata nafasi za uongozi, ikiwamo ya mkurugenzi wa shule, na kwa upande wao wangeacha dai la kuwasafirisha watoto kwa mabasi kwa wingi ili kuchanganya shule. Makao makuu ya chama cha NAACP yaliona huo ni usaliti na kuwaadhibu viongozi wa tawi la Atlanta, waliokuwa chini ya yule yule Lonnie King wa mwaka 1960.

Mays aliyatetea maafikiano hayo. Waliompinga walishangaa, kwa kuwa hakuna aliyeupiga vita utengano kwa muda mrefu kuliko yeye. Kwa maoni ya mwandishi, anayesoma maisha yake tangu Bates hadi Morehouse hatashangaa sana. Mays alichukia sheria iliyomzuia mtoto Mweusi kuingia darasani. Hakuwahi kukubali kwamba mtoto huyo hawezi kujifunza mpaka akae karibu na Mzungu. Mkurugenzi aliyeteuliwa mwaka huo, Alonzo Crim, alikuwa Mweusi wa kwanza kuongoza shule za jiji hilo. Iwapo watoto walipata au walipoteza zaidi kwa mapatano yale, watu wa Atlanta hawajamaliza kubishana.

Hadi mwisho wa maisha yake alikuwa ametunukiwa shahada za heshima zaidi ya 40, na mwaka 1982 alipokea Nishani ya Spingarn, tuzo ya juu ya NAACP, chama kile kile kilichohitilafiana na mji wake miaka tisa kabla. Mwaka 1995 masalia yake na ya mkewe Sadie yalihamishiwa katika viwanja vya Chuo cha Morehouse, mbele ya Jengo la Graves. Nyumba ndogo ya mbao alimozaliwa iliondolewa mashambani ikapelekwa mjini Greenwood, South Carolina, na tangu mwaka 2011 ni makumbusho yaliyo wazi kwa umma. Eneo la Phoenix, ambako baba yake alivuliwa kofia, liko katika wilaya hiyo hiyo.